Viatu vya Kupandia Baiskeli

Kijiwe chetu ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Mama Birika na sijali, maana wanaoniita hivyo hawana hata kijiko. Wanaume hao hukaa pale tangu asubuhi, mtu ananunua kikombe kimoja anakilea mpaka kinapoa, na kazi yao ni moja: kila anayepita barabarani lazima avuliwe nguo kwa maneno. Shati la huyu limepauka, kiatu cha yule kinacheka, gauni la binti wa watu linampwaya. Wenyewe wanasema wanapasisha. Ukipasishwa na kijiwe, eti unaweza kwenda popote duniani. Tangu nianze kuuza kahawa pale sijaona aliyepasishwa.

Wa kudumu ni watatu. Kuna Kamusi, karani mstaafu, anajua kila kitu, na asichokijua anakitunga hapo hapo. Kuna Breki, aliyekuwa utingo wa lori mpaka mgongo ukamgomea. Na kuna Soli, fundi viatu mwenyewe, mwenye kibanda. Wa nne wao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Huyo walimbandika jina la Mkurugenzi, kwa sababu alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni fulani. Kampuni ikafungwa, gari likachukuliwa, yeye akabaki na tai.

Asubuhi ninayoisema, Mkurugenzi hakuja kukaa. Alikuwa anapita, tena juu ya baiskeli. Habari yenyewe nilikuwa nayo tayari, maana mdogo wangu alinipitia mapema akienda kufua nguo za watu, akanieleza haraka haraka huku anacheka. Siku nyingi sikuwa nimemwona anacheka. Mwenye nyumba anakofua ana ghala la vifaa vya ujenzi, na mdogo wangu alimbembeleza mke wa huyo bosi wiki baada ya wiki, mpaka wakakubali kumchukua mumewe awe mtunza stoo. Sharti awe na baiskeli, kwa kuwa stoo ziko mbili, moja huku na nyingine ng'ambo ya reli, na kutwa nzima ni kwenda na kurudi. Sharti la pili, afike kabla ya saa tatu, lori la saruji linapofika. Baiskeli wakaiazima kwa mjomba wetu. Nguo mdogo wangu akamwandalia kitandani: suruali ya kaki isiyo pana, shati jepesi, raba. Mume akazitazama, akasema hizo ni nguo za kibarua.

Basi alivyotokea ndivyo hivi: suruali ya suti yenye miguu mipana, koti, na viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, soli yake inateleza kama sahani yenye mafuta.

— Simama! Simama hapo! — Breki alianza kelele kabla hata hajatufikia. — Mkurugenzi, mbona gari limekonda hivyo?

— Nawahi, bwana. Naanza kazi leo. Stoo.

Wakanyamaza wote. Sikuupenda ukimya ule. Ukileta habari ya msiba pale kijiweni, maneno wanayo tele. Habari ya kazi iliwakwama kooni.

— Hongera, — Kamusi akasema mwishowe, kwa sauti ile ile anayotolea pole. — Lakini suruali hiyo?

— Suruali imefanya nini, mzee?

— Itazame mwenyewe.

Akainama kutazama. Mguu wa kulia, pindo lilishatafunwa na mnyororo, grisi nyeusi imepanda mpaka ugokoni. Akashuka kwenye baiskeli. Kosa lilikuwa kushuka.

— Shemeji, — nikamwambia, — si kitu hicho. Kunja mguu wa suruali, chomeka kwenye soksi, nenda zako. Grisi itatolewa jioni.

— Mama Birika, — Breki akadakia, — wewe umeona wapi mkurugenzi kachomeka suruali kwenye soksi?

— Huyu si mkurugenzi. Ni mtunza stoo.

— Leo mtunza stoo. Kesho je?

Na mwenyewe akatabasamu, mjinga yule. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa na njaa nayo. Akaiegemeza baiskeli ukutani.

— Tuanze na msingi wa jambo, — Kamusi akasema, akajisogeza ili apate nafasi ya kurusha mikono. — Baiskeli inaendeshwa na nini?

— Miguu, — Mkurugenzi akajibu.

— Upepo! Miguu inasaidia tu. Sasa koti hilo ukiliacha wazi, upepo unaingia kwa mbele, unakosa pa kutokea, unakuvuta nyuma. Ndiyo maana watu wanafika makazini wamechoka halafu wanaitwa wavivu.

— Basi nilivue.

— Usilivue! Utafika huna hadhi. Livae kinyume, vifungo viwe mgongoni. Upepo ukija unateleza, unakwenda zake.

— Nifike kazini nimevaa koti kinyume?

— Ukikaribia getini unaligeuza. Mbona jambo dogo hilo.

— Mzee, koti halina shida, — Breki akasema. — Shida ni uzito. Mimi nimepakia malori maisha yangu yote. Niambieni, mnyororo wa baiskeli uko upande gani?

— Kulia.

— Basi kulia ni kuzito. Ukivaa viatu vinavyolingana, unakwenda upande upande mpaka mtaroni. Dawa yake, mguu wa kulia vaa ndala, wa kushoto vaa buti.

— Buti moja na ndala moja!

— Ndiyo mizani hiyo. Malori yote yanapangwa hivyo.

Nikamwuliza ni lori gani alilowahi kuliona limevaa ndala. Akanijibu kwamba wanawake hatujui mizigo. Ananiambia mimi, niliyetoka kisimani asubuhi hiyo na ndoo kichwani, jiko la mkaa mkono huu, birika mkono huu. Nikamwacha, ningemmwagia kahawa ya moto.

Wakati wote huo Soli alikuwa anatazama chini. Soli hamtazami mtu usoni, humtazama miguuni. Mimi mwenyewe nadhani akinikuta nimelala hospitali, atanitambua kwa visigino.

— Lete mguu, — akasema.

Mkurugenzi akauleta. Soli akaugeuza, akaigonga soli kwa kidole.

— Hii itakuvunja, Mkurugenzi. Utakanyaga pedali, mguu utachomoka, pedali itazunguka ikupige ugoko. Ukilowana kidogo ndiyo kabisa.

Asubuhi nzima hayo tu ndiyo yaliyosemwa ya kweli, na ndiyo yaliyotumaliza.

— Sasa nifanyeje, fundi?

— Vua. Nakubandikia kipande cha tairi chini, raba kwa raba, hakitelezi kamwe. Tena fikiria vizuri. Baiskeli ina tairi mbili, na wewe unaongeza mbili miguuni. Jumla?

— Nne! — Breki akajipiga paja. — Hiyo si baiskeli tena, hilo ni gari!

— Nimekurudishia gari lako, — Soli akasema, bila kucheka hata kidogo.

— Shemeji, usivue, — nikasema. — Nakuomba.

— Dakika tu, shemeji. Fundi, si dakika tu?

— Dakika tu.

Mtu mzima, baba wa watoto, akakaa kwenye ubao akavua viatu vyote viwili.

Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, kisigino chote kiko nje. Soksi hizo nazijua. Mdogo wangu alizikalia jana yake jioni, akashona moja, ya pili usingizi ukamwangusha na sindano mkononi. Alikuwa ameshinda akifua nguo za watu. Kila mtu pale aliona. Sekunde ile wangeweza kutazama pembeni, kungewagharimu nini?

— Kumbe ofisi ina dirisha, — Breki akasema.

Wakacheka. Kamusi alicheka mpaka akatoa miwani. Mkurugenzi akauficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia, naye akacheka, kicheko kile cha mtu anayetaka yaishe.

— Mnacheka nini? — nikasema. — Hebu nani kati yenu amevaa soksi? Inueni miguu tuone!

Wakatazama miguu yao. Hakuna aliyeinua.

Soli akakata tairi, akapaka gundi, akaviweka viatu juani kama mtu anayeanika dagaa. Jua nalo likaingia nyuma ya wingu, likatulia huko.

— Gundi inataka jua, — Soli akasema. — Ukivaa mbichi itang'oka njiani, utaniharibia jina.

— Jina gani? — nikamwuliza.

— Saa ngapi sasa? — Mkurugenzi akauliza.

— Bado mapema, — wakajibu watatu kwa mpigo. Hakuna hata mmoja wao mwenye saa.

Nikavua ndala zangu, nikaziweka mbele ya miguu yake.

— Shemeji, vaa hizi. Zina meno chini, kwenye pedali zinashika. Ukifika utasema kiatu kimekukatikia njiani. Binadamu hukatikiwa na viatu.

— Ndala za kike?

— Ndala hazina uke wala uume, zina kamba tu.

— Tena za rangi ya waridi. Nifike mbele ya bosi na ndala za waridi?

— Utakuwa umefika, shemeji.

Akazitazama. Wallahi alizitazama, nikaona kidole gumba kinasogea. Breki akapiga mluzi, ule wanaowapigia wasichana wanaopita. Kidole kikarudi.

— Basi kimbia nyumbani ukachukue raba zako, — nikamwambia.

— Nipite mtaani peku, na suti? Shemeji, hebu usinihimize mbele za watu.

— Mama Birika ana haraka kuliko mwenye safari, — Kamusi akasema. — Mwanangu, sikiliza nikufundishe kitu cha ofisini. Siku ya kwanza usiwahi. Anayewahi kazini anaonekana ana shida.

— Ana shida! — nikamwambia. — Ana shida mpaka kwenye soksi, mmeiona wenyewe!

— Ndiyo, lakini bosi asijue. Bosi akikuona umefika na jasho, anakupunja hapo hapo. Ingia taratibu, nguo zimetulia. Mkurugenzi wako wa zamani alikuwa anawahi?

— Hapana, — Mkurugenzi akasema, na macho yakang'aa kidogo. — Alikuwa anafika saa nne, saa tano. Mimi ndiye nilikuwa namfungulia mlango.

— Umeona?

— Alikuwa anachelewa kwenye kampuni yake mwenyewe, — nikasema. — Na ndiyo hiyo iliyofungwa.

Hakuna aliyenisikia, au walijifanya hawasikii. Walikuwa wameshaingia kwenye rangi. Kamusi alisema suruali nyeusi haifai kabisa, nyeusi inavuta jua, jua linashuka kwenye tandiko, tandiko linapasha tairi, tairi linapasuka. Breki akasema basi nyeupe. Kamusi akasema nyeupe inaonekana na mbwa tangu mbali, na mbwa akishaona nyeupe inazunguka zunguka, akili inamruka. Wakakubaliana suruali ya baiskeli iwe nyeupe mbele kwa ajili ya jua, nyeusi nyuma kwa ajili ya mbwa. Hapo Breki akaona hajachangia vya kutosha.

— Na makalioni shona kipande cha godoro.

— Godoro?

— Tandiko linaumiza, bwana! Kipande cha godoro, inchi kama nne. Tena ukifika kazini umechoka, huhitaji hata kitanda, unalala pale pale ulipoangukia.

— Na mikono? — Mkurugenzi akauliza. Niliposikia anauliza, na sauti yake imetulia kabisa kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, nikajua ameshasahau lori. — Nivae glavu?

— Glavu ya kulia tu, — Breki akasema. — Ya kupungia watu.

Redio ya Soli ilikuwa inaimba kibandani. Wimbo ukakatika, ikalia ile milio yake, na mtangazaji akasema ni saa tatu kamili. Wote tuliisikia. Breki akanyoosha mkono, akapunguza sauti.

Alipunguza sauti, kwa mkono wake, mimi nikiwa namtazama. Ndipo nikajua hawakutaka aende. Sisemi walipanga, hawana akili ya kupanga. Lakini ubao ule ukipungukiwa mtu mmoja, waliobaki wanaanza kuonana. Niliwachukia wote asubuhi ile, na shemeji yangu nilimchukia zaidi, maana wale walikuwa wanaitetea benchi yao. Yeye alikuwa anatetea nini?

— Saa tatu, — nikasema kwa nguvu. — Redio imesema saa tatu!

— Redio ya Soli inakimbia, — Kamusi akasema.

— Redio inakimbia vipi, mzee? Ina miguu?

— Fundi, — Mkurugenzi akaita, na safari hii sauti ilikuwa nyembamba. — Viatu?

Soli akavibonyeza kwa kidole.

— Kimoja kimeshika. Cha pili kinangoja jua.

— Kimoja!

— Ningekuwa na gundi ya kutosha ningepaka vyote sawa. Iliishia kwenye cha kulia, cha kushoto nilipaka ya kukwangua.

— Afadhali! — Breki akasema. — Si nilisema viatu visilingane?

Wakacheka tena, lakini Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anaitazama barabara. Akasema labda lori limechelewa, malori huchelewa. Breki akamhakikishia kwamba yeye amekaa kwenye malori na hajawahi kuona lori lililofika saa iliyosemwa. Akamwambia anywe kahawa kwanza. Nikammiminia, nifanye nini? Aliipokea kwa mikono miwili kama mgonjwa. Tukakaa hivyo, jua likatoka, likaingia, likatoka tena, na wao wakahamia kwenye kofia.

Kamusi alikuwa amefika kwenye kofia yenye feni ndogo mbele, inayozungushwa na upepo na kukaza mwendo, tulipoona mwanamke mmoja anakuja kwa baiskeli kutoka upande wa reli. Hatukumjua. Akafunga breki mbele ya jiko langu, akashuka kwa mguu mmoja kama mtu anayeshuka ngazi ya kwao. Amevaa suruali ya jinzi ya zamani isiyobana wala kupwaya, mguu wa kulia umebanwa kwa kibanio cha kuanikia nguo. Fulana ya kawaida. Raba kuukuu, kamba zake kazichomeka ndani zisining'inie. Nyuma kwenye karia kulikuwa na trei za mayai, tupu.

— Shikamoo mzee. Habari zenu jamani. Mama, nipe kikombe kimoja, nijipongeze.

— Binti, — Kamusi akaanza, maana hajizuii, — hizo nguo ulizovaa ndizo za kupandia baiskeli?

Mwanamke akajitazama, kama hajui alivaa nini.

— Ni zangu tu za kila siku. Kwani vipi?

— Hamna, — nikasema mimi. — Unajipongeza kwa lipi, mdogo wangu?

— Nimepata kazi! — Alikuwa hawezi kukaa kimya, furaha ilikuwa inamtoka hata asipoulizwa. — Yaani hata sikuomba. Nimekwenda kupeleka mayai pale kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, nikakuta lori la saruji liko getini, bosi kashika kichwa. Kuna mtu alikuwa aanze leo, hajatokea. Bosi akanitazama, akaniuliza, baiskeli ni yako? Nikasema yangu. Unajua kuhesabu? Nikamwambia kutwa nahesabu mayai, tena hayo yanavunjika, mifuko ya saruji itanishinda nini? Akanipa funguo. Hapa nimetoka stoo ya pili, narudi ya kwanza.

Hakuna aliyesema hongera.

— Lakini huyo mtu nilimwonea huruma, sitaki kusema uongo, — akaendelea, akipuliza kahawa. — Walimngoja kweli. Mke wa bosi alitoka akasimama getini, anaangalia barabara hii hii. Lori limeshushwa mpaka nusu, bado anaangalia. Hivi jamani, mtu aliyepewa kazi yake mkononi, anangojwa hivyo, anaweza kuwa amepatwa na nini?

Kamusi akafungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaufunga bila kitu kutoka. Breki akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe. Soli alikuwa anatazama miguu, kama kawaida yake, safari hii yake mwenyewe. Mkurugenzi alikaa katikati yao na suti yake na soksi zake, kikombe kimepoa mkononi, anaitazama ardhi.

— Au ni mgonjwa? — mwanamke akauliza.

Mkurugenzi akaivuta miguu yake chini ya ubao.

— Maana nasikia mkewe anafua hapo hapo nyumbani kwa bosi. Yuko uani tangu asubuhi, anaimba, hana habari. Nimesikia mke wa bosi anasema asiambiwe kwanza. Wanangoja amalize kuanika, nguo leo ni nyingi.

Akamaliza kahawa, akashukuru, akakibana vizuri kibanio chake, akapanda, akaenda. Hakugeuka nyuma. Hana kosa lolote yule, namwombea kazi imkae.

Mkurugenzi akasema, taratibu sana:

— Shemeji.

Sikumtazama. Nilimwaga mkaa, nikaumwagia maji. Nikalichukua birika, lilikuwa bado nusu na moto, nikalimimina lote mtaroni.

— Mama Birika! — Breki akashtuka. — Mbona unamwaga kahawa ya watu?

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nilitaka nifike kule kabla mdogo wangu hajamaliza kuanika.